Funga hesabu ya duka kabla ya kupanga mwaka, na upange kwa kalenda mbili

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka, mafundi, wenye mabanda na mama zetu wanaouza vyakula, Unguja na Pemba, juu ya kazi ya kufunga mwaka wa biashara. Disemba ikifika utasikia "mwaka huu mbaya" au "mwaka huu alhamdulillahi", na ukiuliza hukumu hiyo imetoka wapi, utajibiwa kwa salio la simu na hali ya droo. Viwili hivyo havisemi lolote juu ya mwaka. Droo huweza kujaa kwa sababu muuzaji wa jumla hajalipwa, na huweza kuwa tupu kwa sababu fedha yote imekaa ndani ya mapolo ya mchele.

Hata anayehesabu kwa uangalifu huja akaharibikiwa anapopanga. Anaupima Machi wa mwaka huu kwa Machi wa mwaka uliopita, na hali soko letu la visiwani linakwenda kwa kalenda mbili. Utalii, masika, kufunguliwa kwa skuli na kodi za serikali vinafuata Januari hadi Disemba. Ramadhani, Sikukuu na zaka vinafuata mwezi mwandamo, ambao kila mwaka unarudi nyuma siku 10 au 11. Nianze na kuhesabu, maana hakuna mpango bila ya hesabu.

Chagua usiku mmoja kati ya tarehe 29 Disemba na 2 Januari, duka likishafungwa, na usiuze hata kibiriti mpaka umalize. Hesabu nyingi huharibika kwa mambo mawili: kuuza huku unahesabu, na kuhesabu peke yako. Wawe watu wawili. Mmoja anashika kitu, anataja jina, kipimo na idadi kwa sauti, mwengine anaandika. Anzeni upande wa kushoto wa mlango, rafu ya juu kushuka chini, mzunguke mpaka mrudi mlangoni, kisha stoo, kisha friza. Kila rafu iliyokwisha ibandikwe kipande cha karatasi isije ikahesabiwa tena. Polo la kilo 50 lililofunguliwa liwekwe kwenye mizani. Jicho husema "nusu" na mizani ikasema kilo 18, na tofauti hiyo ya kilo 7 ukiirudia kwenye mchele, sukari, unga na maharage ni fedha ya kuonekana.

Vitu vitatu visiingie kwenye karatasi ya mali yako: vya watu ulivyowekewa uuze kwa kamisheni, kama mikate na asali; vilivyokwisha lipiwa ambavyo mwenyewe hajaja kuchukua; na vilivyooza, kuvunjika au kupita tarehe. Hivi vya mwisho viandikwe ukurasa wake, kwa sababu ukurasa huo ndio utakaokuambia nini usinunue tena kwa wingi. Kinyume chake, mzigo uliokwisha ulipia na bado uko bandarini au melini ni mali yako, uandike.

Bei ya kuandikia ni ile uliyonunulia pamoja na gharama ya kuufikisha mzigo dukani. Anayeandika bei ya kuuzia anajihesabia faida ambayo bado haijaingia. Na kitu kikiwa kimeshuka bei sokoni kuliko ulivyonunua, mfano makava ya simu za toleo lililopita, andika hiyo bei ya chini, uipokee hasara mwaka huu badala ya kuihamishia mwaka ujao.

Usiku huo huo andika fedha taslimu, salio la benki na la simu, wanaokudai na unaowadai. Mwenye uwakala wa fedha za simu afanye ukurasa wa peke yake: floti (salio la laini ya uwakala) na taslimu ya uwakala zikijumlishwa lazima zirudishe ule mtaji uliotiwa, ukiacha kamisheni. Zisiporudisha, basi duka limekuwa likikopa kwenye uwakala, au nyumba imekuwa ikikopa kwenye vyote viwili.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mali ya mwanzo wa mwaka, ongeza manunuzi yote ya mwaka, toa mali iliyobaki. Jibu ni gharama ya mali iliyouzwa. Tuseme duka la vyakula lilianza na mali ya shilingi 6,400,000, likanunua mizigo ya 58,000,000, na usiku wa kuhesabu ikakutwa mali ya 7,900,000. Iliyouzwa iligharimu 56,500,000. Mauzo yakiwa 64,000,000, faida ghafi ni 7,500,000. Toa kodi ya mlango (pango la duka), umeme wa friza, mshahara wa kijana, usafiri wa ndani na leseni, jumla 6,000,000. Imebaki faida halisi ya 1,500,000.

Hapo ndipo wengi wanaposhangaa, kwa sababu mwenye duka huyo alikuwa akichukua shilingi 10,000 kila siku kwa matumizi ya nyumbani, nazo kwa mwaka ni 3,650,000. Duka limezaa 1,500,000, limetolewa 3,650,000, mtaji umepungua 2,150,000. Na bado ukiingia dukani utaona rafu zimejaa kuliko mwaka uliopita, mali imezidi kwa 1,500,000. Hakuna miujiza. Faida yote imekaa kwenye rafu, na kilicholiwa nyumbani ni haki ya muuzaji wa jumla, ambaye deni lake limekua kwa 3,650,000, au ni akiba iliyokuwa benki. Ndiyo maana nasema madeni yaandikwe usiku ule ule wa mali. Ukiangalia rafu tu, utaamini umekua.

Dawa yake si kuacha kula. Mwenye duka ajipangie mshahara, auandike kwenye matumizi kama wa kijana, na ufuate hesabu ya mwaka uliopita. Kwa mfano huu, faida inaruhusu kama 4,000 kwa siku. Ikiwa nyumba haiwezi kwenda kwa 4,000, na nyingi haziwezi, basi tatizo ni faida ya duka, na huko ndiko kwa kutazama: 7,500,000 juu ya mauzo ya 64,000,000 haifiki 12 kwa mia.

Faida nyembamba mara nyingi huanzia kwenye kukosea bei ya mzigo. Muuza nguo anakwenda Kariakoo ya Dar es Salaam, ananunua madira (magauni mapana ya kike) 100 kwa 12,000 kila moja, anauza 16,000 na kuamini anapata 4,000. Ajumlishe na haya: nauli ya boti kwenda na kurudi 70,000, kulala na chakula 60,000, kupakia mzigo 40,000, ushuru 150,000, mahamali na gari 20,000. Ni 340,000, sawa na 3,400 kwa kila dira. Gharama yake ya kweli ni 15,400 na faida ni 600. Madira manne yakitoka na kasoro au yakabaki mpaka mtindo ukapita, zaidi ya 60,000 imekwenda, ndiyo faida ya safari nzima. Bei zangu ni za mfano, kila mtu atie zake, lakini mpango ni huo: gharama zote za safari zigawanywe kwa idadi ya vitu kabla kitu cha kwanza hakijabandikwa bei. Wauzaji wawili au watatu wakiunganisha safari moja, sehemu ya nauli na malazi hushuka mara moja.

Daftari la madeni lipangwe kwa umri wa deni, si kwa majina. Ya chini ya siku 30 ukurasa mmoja, ya mwezi mpaka miezi mitatu mwengine, yaliyozidi hapo mwengine. Deni la ukurasa wa tatu lisihesabiwe kama fedha ya kupangia mwaka mpya, hata kama mdaiwa ni mtu mwema na jirani. Likija ni heri. Na upatu usiandikwe kama matumizi wala mauzo. Unapotoa ni akiba yako iliyo kwa wenzako, na unapopokea mapema ni deni linalokusubiri.

Zaka ina sharti zake, na mwenye kufunga hesabu ana bahati ya kuwa nusu ya kazi imekwisha. Kosa la kawaida ni kuitumia karatasi ile ile bila ya kuibadilisha. Hesabu ya faida inapima mali kwa bei ya kununulia. Zaka ya biashara inapima bidhaa kwa thamani ya soko siku ya kutimia mwaka, kisha unaongeza fedha taslimu na madeni yanayotarajiwa kulipwa, unatoa madeni yaliyofika kulipwa, na ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, unatoa 2.5 kwa mia. Rafu, friza, mizani na pikipiki ya kubebea mizigo havimo. Na mwaka wake ni wa mwezi mwandamo, siku 354 au 355. Anayetoa kila tarehe 31 Disemba kwa 2.5 anachelewa kidogo kila mwaka, na baada ya kama miaka 33 amepoteza zaka ya mwaka mzima. Ndiyo maana wanaopima kwa mwaka wa Januari hadi Disemba huelekezwa watoe karibu 2.577. Kwenye madeni ya muda mrefu wanazuoni wana maelezo zaidi, na masheikh wetu wapo.

Juu ya kodi nitasema machache. Kodi ya mapato iko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hata huku kwetu, na mwaka wake kwa mfanyabiashara binafsi ni Januari hadi Disemba. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya ndani iko kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Aliyesajiliwa VAT asihesabu sehemu ya VAT iliyomo kwenye mauzo kuwa ni yake. Mwenye mauzo madogo ajue kwamba katika madaraja ya chini ya kodi ya kukadiriwa, aliye na kumbukumbu hutozwa kwa mauzo yalivyokuwa, na asiye nazo hukatiwa kiwango kimoja. Aulize viwango vya mwaka husika kabla ya kukadiriwa. Kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, na hapa kuna tatizo la kweli: risiti za mashine huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na kwa joto na unyevu wa visiwani zinafifia zikawa nyeupe baada ya miezi. Zipige picha au zitolewe kopi wiki ile ile, na halisi zikae kwenye bahasha ya mwezi wake, si ndani ya mfuko wa plastiki juu ya friza.

Nije kwenye kalenda, jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na kumalizika mwisho wa mwezi huo, Sikukuu ikaangukia siku za mwisho za Machi. Mwaka 2026 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 18 au 19 Februari, na Mfunguo Mosi (mwezi wa baada ya Ramadhani, unaoingia na Sikukuu) kuandama karibu na tarehe 20 Machi, kwa kufuata mwezi utakavyoonekana. Maana yake zile wiki mbili za mwisho zinazobeba muuza nguo, viatu, vyombo na mapazia, mwaka 2025 zilikuwa nusu ya pili ya Machi, na mwaka 2026 zitakuwa kati ya tarehe 6 na 19 Machi. Aliyejiandikia "Machi nusu ya pili nitauza sana" atakuwa na duka lililojaa wakati watu wamekwisha vaa. Na mwenye kuuza tende, sukari, unga wa ngano na nazi atauza futari mwezi wa Februari, ambao mwaka 2025 haukuwa na hata siku moja ya Ramadhani.

Kuna jambo jengine ndani yake. Sikukuu ya 2025 ilikuja baada ya mishahara ya Machi kutoka. Ya 2026 itakuja kabla, isipokuwa mishahara itolewe mapema. Familia nyingi zitanunua nguo za watoto kwa mshahara wa Februari, yaani siku za mwanzo za Machi na kwa mafungu, au zitaomba kukopa wiki ya mwisho. Mzigo wa bei ya chini na ya kati uwe tayari dukani Ramadhani inapoingia kumi la pili, na kikomo cha kukopesha kila mtu kiandikwe leo, kabla hajasimama mbele yako na watoto wake.

Anayeagiza China aangalie pia kalenda ya huko: mwaka mpya wao 2026 unaangukia 17 Februari, na viwanda hufungwa kabla yake na kuchelewa kurudi kazini. Meli kutoka kusini ya China mpaka mwambao wetu huchukua kama mwezi, kisha kuna kutoa mzigo bandarini. Nguo za Sikukuu ambazo hazitakuwa melini kufikia katikati ya Januari zisiwekwe kwenye mpango wa Machi. Fundi cherehani naye afanye hesabu yake: akimaliza nguo 4 kwa siku kwa siku 24 za kazi, uwezo wake ni nguo 96, apokee 85 na afunge daftari. Nguo zinazobaki ni za umeme kukatika, mashine kuharibika na mteja wa kurekebisha.

Kwa hiyo safu moja iongezwe kwenye daftari la mauzo: tarehe ya mwezi mwandamo pembeni ya tarehe ya kawaida. Kalenda za ukutani zinazogawiwa mwisho wa mwaka nyingi zina tarehe zote mbili, inatosha kunakili. Kisha vitu vya Sikukuu na futari vilinganishwe Ramadhani kwa Ramadhani, wiki kwa wiki, na vitu vya skuli, vya ujenzi na vya watalii vilinganishwe Januari kwa Januari. Mwenye duka la Paje au Nungwi anajua wageni ni wengi Juni mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, na kwamba Aprili na Mei baadhi ya mahoteli hufunga. Hilo haliendi na mwezi mwandamo.

Kalenda mbili zikikutana vibaya, linatokea pengo. Mwaka 2026 baada ya Sikukuu ya Machi mifuko itakuwa mitupu, masika yataingia, wageni watapungua, na Idd el-Hajj haiji mpaka karibu na tarehe 27 Mei. Ni kama wiki kumi. Kwa duka la mfano wangu, matumizi ya 6,000,000 kwa mwaka ni kama 115,000 kwa wiki, wiki kumi kama 1,154,000. Ongeza 10,000 ya nyumbani kwa siku 70, ni 700,000. Jumla karibu 1,850,000. Fedha hiyo itolewe kwenye mauzo ya Sikukuu kabla ya kununua mzigo mwengine, iwekwe pahala pa peke yake. Wengi hufanya kinyume: wanaona fedha nyingi tarehe 20 Machi, wananunua mzigo, na Aprili wanauza mzigo huo kwa hasara ili walipe kodi ya mlango.

Tutazame pia mbele kidogo. Ramadhani ya 2027 itakuwa karibu na tarehe 8 Februari, ya 2028 mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Sare, madaftari na mabegi ya skuli yatagombania mfuko ule ule wa mzazi na futari. Anayeuza vyote viwili aanze kupunguza mikopo ya dukani miaka hii, maana maombi ya kukopa yatazidi.

Kwa ndugu zetu wa Pemba mambo yanaongezeka moja. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na miaka ya mavuno madogo. Duka la Konde au Mtambile likilinganisha mwaka huu na uliopita tu litadanganyika, liweke wastani wa miaka minne au mitano. Tena tarehe 31 Disemba huweza kuwakuta bado katikati ya mavuno: mzigo umenunuliwa, wachumaji wamekopeshwa, karafuu nyengine bado zimeanikwa kwenye majamvi na hazijafika vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Hesabu ya usiku huo itaonesha madeni makubwa ambayo mengi ni mazima. Kwa kodi ifungwe Disemba kama inavyotakiwa, lakini kwa kujua hali ya duka ihesabiwe tena mwisho wa Juni, mavuno yakiwa yamekwisha na mapya hayajaanza. Na kusi likivuma, vyombo vidogo huchelewa, kwa hiyo kiwango cha chini cha mchele, sukari na mafuta dukani kiwe cha wiki tatu, si cha wiki moja kinachotosha wakati wa kaskazi.

Ombi langu kwako Mhariri ni kurasa. Kila wiki ya pili ya Disemba gazeti lichapishe nusu ukurasa wa kukata: jedwali la kuhesabia mali lenye safu ya kitu, kipimo, idadi na bei ya kununulia, na pembeni yake mistari ya wiki 52 yenye tarehe zote mbili, Rajabu mpaka Mfunguo Tatu zikiwa zimeandikwa. Mwenye duka asiye na kompyuta atalikata, atalibandika nyuma ya mlango, na usiku wa kuhesabu atakuwa nalo.

Wako msomaji,
Mfunga hesabu za maduka,
Mwanakwerekwe, Unguja.